Cherehani ya blanketi la viraka na nguo za watoto: pima nafasi kabla ya kuhesabu mishono

Muuzaji atakuambia cherehani yake ina aina 60 za mishono. Wewe muulize jingine: kutoka kwenye sindano hadi kwenye nguzo ya mashine kuna inchi ngapi? Blanketi la viraka, likiwa limeviringishwa kama mkeka, lazima lipite hapo. Cherehani nyingi za nyumbani zina kama inchi 6 na nusu. Kwa blanketi la mtoto mchanga, 36 kwa 45, inatosha. Ukifika 60 kwa 80, furushi linagonga nguzo, unaanza kulivuta kwa nguvu, sindano inapinda na mshono unakwenda upogo. Cherehani ya Juki TL-2010Q ina inchi 8.5, ila inashona mshono mnyoofu peke yake.

Na hapo ndipo kazi hizi mbili zinapogombana. Fulana na pajama za watoto zinataka zigizaga, yaani mshono wa kwenda kulia na kushoto. Mshono mnyoofu hauvutiki. Shingo ya fulana ikipitishwa kichwani, uzi unakatika. Tumia zigizaga nyembamba, upana milimita 1 na urefu milimita 2.5, na sindano ya ncha ya mviringo namba 11. Sindano ya kawaida huruka mishono kwenye kitambaa kinachovutika: kitambaa kinashuka na kupanda pamoja nayo, kitanzi cha uzi hakifunguki, na ndoano ya chini inapita bila kukidaka. Mashine nyingi hupelekwa kwa fundi kwa kosa hilo, wakati tiba yake ni sindano tu.

Tazama pia kama kisanduku cha mbele kinachomoka, ubaki mkono mwembamba wa kuvishia mguu wa suruali ya mtoto wa miaka miwili. Cherehani nyeusi za meza, Singer au Butterfly za mshono mmoja, hazina mkono huo, na pindo dogo la duara juu yake ni mateso.

Dukani nenda na vitambaa vyako. Kile kipande kigumu cha muuzaji kinapendeza kwenye mashine yoyote. Kata vipande vitatu vya kitenge vya upana wa inchi 2.5, uviunganishe kwa mshono wa robo inchi, kisha upige pasi. Upana wote uwe inchi 6.5, na kipande cha kati inchi 2 kamili. Kila mshono ukila 1/16 ya inchi zaidi, mishono 20 inameza inchi 1 na robo, na safu za blanketi hazikutani tena. Futi (kile kikanyagio kinachobana kitambaa chini ya sindano) ya robo inchi hutibu hilo, hivyo uliza kama inapatikana kwa mashine hiyo. Halafu shona kitenge, pamba ya kujazia na kitenge kingine kwa pamoja. Kitambaa cha juu kikisogea mbele na kufanya mikunjo, utahitaji futi yenye meno yake yenyewe, inayovuta kutoka juu. Mwisho, shona sentimita 10 za kitambaa cha fulana, uvute mpaka 14. Uzi ukikatika, rekebisha zigizaga na ujaribu tena. Ukizidi kukatika, iache hapo hapo.

Mashine ya mtumba igeuze usome kibandiko cha umeme. Ya Japani ni volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 220 hadi 240, mota inaungua. Transfoma ya kupunguza umeme lazima iingie kwenye hesabu ya bei.

Kama pesa ni ya mashine moja na watoto wanavaa fulana, chukua ya zigizaga isiyo na kompyuta, kama Singer 4423, na ushone mablanketi madogo. Lakini kama nafasi ipo, cherehani nyeusi ya miguu kwa viraka na zigizaga ya mtumba kwa nguo ni bora kuliko mashine moja ya bei kubwa inayojidai kufanya yote. Ile nyeusi ina tundu dogo la kupitishia sindano kwenye bamba la chini, kwa hiyo haimezi pembe za viraka. Kwenye ya zigizaga tundu ni pana: anzia kwenye kipande cha taka, ndipo uingize kiraka.

Na uzi ukijisokota chini ya kitambaa kama kiota, usiguse bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kwanza. Inua futi, toa uzi wa juu, uupitishe upya. Futi ikiwa chini, visahani vya kukazia uzi vimefumba na uzi haukuingia katikati yake.