Reli ndogo: maswali na majibu. Reli kwanza, rangi baadaye

Barua za mara hii nyingi zinalia kilio kimoja: treni ndogo ya mezani inaacha reli. Basi tuanze na hilo.

Shikamoo fundi. Mabehewa yangu yanaanguka kila yakifika kwenye kona. Tatizo ni nini? (Msomaji, Makorora)

Marahaba. Hukuandika kipimo cha treni yako, hukuandika kona ina nusu kipenyo cha sentimita ngapi, wala hukusema kama yanaanguka yote au ni moja tu. Barua za namna hii zinakuja kila mwezi, na hakuna anayeweza kuzijibu kwa kubahatisha. Jamani, pimeni kabla ya kuuliza.

Chukua penseli, endesha treni polepole, na kila gurudumu linapotoka weka alama kwenye taruma. Rudia mara kumi. Alama zikirundikana mahali pamoja, ubovu uko kwenye reli. Zikitawanyika huku linaloanguka ni behewa lilelile, ubovu ni wa behewa.

Ubovu wa reli kwenye kona mara nyingi uko kwenye kiungo. Reli za kukunja hupenda kurudi zikanyooka, kwa hiyo vipande viwili vikikutana katikati ya kona hufanya pembe, na ukingo wa gurudumu hupanda hapo. Dawa yake ni kuunganisha vipande hivyo vikiwa vimenyooka mezani, ulehemu kiungo cha reli zote mbili, kisha ndipo ukunje. Reli ya ndani itachomoza mwishoni. Ikate kwa kisu cha mduara, piga tupa ncha yake hadi iwe laini, ndipo uendelee. Halafu pitisha ukucha juu ya kila kiungo. Ukucha ukikwama, na gurudumu litakwama.

Kama ni behewa, shika kalipa. Kwa HO (treni ndogo za kipimo cha 1:87), umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja uwe kama mm 14.4. Ukipungua, gurudumu hubana kwenye pointi, pale njia zinapogawanyika. Ukizidi, hupanda kona. Kisha pima uzito. Kanuni inayotumiwa na wengi kwa HO ni gramu 28 za kuanzia, ujumlishe gramu 14 kwa kila sm 2.5 za urefu. Behewa la sm 15 linafika kama gramu 113. Mabehewa mengi ya plastiki yanatoka kwenye boksi yakiwa mepesi kuliko hapo, na behewa jepesi lililofungwa katikati ya msafara ndilo linalovutwa likalala upande wa ndani wa kona.

Hapa Tanga uzito si shida: risasi za mishipi zinauzwa popote wanaponunua wavuvi. Ziweke chini kabisa, karibu na ekseli, siyo juu chini ya paa. Ila usizigandishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Risasi iliyofungiwa ndani ya gundi hiyo huota kutu nyeupe, huvimba, na baada ya miezi hupasua behewa. Tumia gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili. Nawa mikono ukimaliza, na watoto wasizichezee.

Jambo la mwisho: nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa lako refu kuliko yote. La sm 25 linataka sm 75. Anayelilazimisha kwenye sm 40 asiilaumu treni.

HO au N, ipi bora? (Wasomaji kadhaa)

Pima meza. Ikiwa ni mita 1 kwa 2, N, maana ni ndogo kuliko HO. Ukiwa na chumba kizima, HO.

Nimeshanunua reli za mm 16.5 za HO, nataka kutengeneza njia ya Tanga hadi Korogwe. Ninunue nini kingine? (Msomaji, Muheza)

Usinunue kitu kwanza, ndugu yangu. Piga hesabu. HO ni 1:87. Zidisha 16.5 kwa 87 unapata mm 1435, na huo ni upana wa SGR, ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma. Njia yetu, iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Mombo 1905, ina upana wa mita moja kamili. Gawanya mm 1000 kwa 87 unapata 11.5. Ukiweka behewa la Tanga juu ya mm 16.5, magurudumu yatatokeza nje kama miguu ya kaa, na mtu yeyote aliyewahi kusimama stesheni ya Korogwe ataona.

Una njia tatu. Ya kwanza ni reli za mm 12, ziitwazo HOm. Zipo, lakini ni ghali, na treni zake nyingi ni za milima ya Uswisi, kwa hiyo mabehewa utayajenga mwenyewe. Ya pili ni reli za N za mm 9, ila kila kitu kilicho juu yake ukijenge kwa 1:120. Hapo upana unawakilisha mm 1080, kosa dogo ambalo jicho halilioni, na mitambo ya N ni rahisi kupatikana. Kwa mfuko wa kawaida, hii ndiyo ninayoishauri. Ya tatu wengi wameisahau: njia ya Sigi, iliyotoka Tengeni kupanda kwenye misitu ya Amani. Hiyo ilikuwa ya mm 750. Kwa 1:87 inakaa vizuri juu ya mm 9, mitambo ya N inatosha, na mabehewa yalikuwa mafupi, kwa hiyo na kona zinaweza kuwa kali. Nasikitika kuona watu wa Tanga wakijenga vituo vya Ujerumani ilhali njia kama hii ilipita mlangoni mwao.

Na ukijenga njia ya Tanga, panda mkonge. Uliletwa nchini mwaka uleule wa 1893 na Richard Hindorf, na historia ya reli hii huwezi kuitenga nao. Lakini usiutawanye ovyo kama magugu. Shambani mkonge hupandwa mistari miwili miwili: mita 1 kati ya mistari pacha, mita 4 za njia, na sm 80 kati ya mche na mche. Kwa 1:87 hiyo ni mm 11.5, mm 46 na mm 9. Mraba wa sm 10 kwa 10 unachukua miche kama 38. Majani kata kwenye karatasi ngumu, urefu wa mm 12 hadi 15, uyapake kijani kilichopauka chenye rangi ya majivu. Nyasi za kando ya tuta zitengeneze kwa nyuzi za mkonge wenyewe, ukizikata mm 3 na kuzitia rangi ya nguo.

Naweza kutumia mchanga wa Raskazone kuwa kokoto za reli? (Msomaji, Ngamiani)

Hapana. Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kula reli. Una vipande vya makombe. Chembe zake ni za mviringo, wakati kokoto za reli zina pembe. Tena mchanga wa pwani mara nyingi una chembe nyeusi zinazofuata sumaku. Pitisha sumaku juu yake ujionee. Mota ya treni ina sumaku ndani, na chembe hizo zitaingia humo.

Chukua vumbi la mawe kutoka wanakopasua kokoto. Lichekeche kwa chujio la chai, kisha kilichopita kitikise ndani ya soksi nyembamba ya nailoni ili unga utoke. Unataka chembe za karibu nusu milimita. Pitisha sumaku hapo pia. Zimwage kavu, zisawazishe kwa brashi laini, na gonga reli kwa kidole zishuke kati ya mataruma. Nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondosha gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa bomba la sindano. Bila sabuni gundi hukaa juu kama shanga na kuzisogeza kokoto. Ulimi wa pointi usiuguse kabisa. Wakati wa masika acha siku mbili.

Nasugua reli kwa msasa kila wiki na bado treni inasitasita. (Msomaji, Chumbageni)

Msasa ndio ugonjwa wenyewe, kaka. Unaacha mikwaruzo, na uchafu hukaa kwenye mikwaruzo. Stilwaya ni mbaya zaidi, kwa sababu vinyuzi vyake huvutwa na sumaku ya mota. Tumia kitambaa cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na usisahau magurudumu.

Lakini nadhani tatizo lako ni umeme. Viungo vya reli ni vya kunyoosha njia, havikuwekwa kupitisha umeme miaka na miaka, hasa kwenye hewa ya bahari. Kila kipande cha sm 90 kipate waya wake wawili wa 0.5 mm², uliolehemiwa ubavuni mwa reli na kushuka hadi kwenye waya mkuu wa 1.5 mm² chini ya meza. Ukifanya hivyo, viungo vya njia iliyonyooka usivilehemu. Acha mwanya wa nusu milimita, kwa maana ubao huvimba na kunywea. Lehemu iwe yenye ulimbo, ya mafundi redio. Asidi ya mafundi bati inakula waya polepole hadi unakatika.

Betri ya bodaboda ya volti 12 inafaa kuendeshea treni umeme ukikatika? (Msomaji, Pongwe)

Volti ni sawa, hatari ni nguvu yake. Behewa likianguka likaunganisha reli mbili, betri hiyo itaunguza waya na meza kabla hujafika. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri. Na wale wanaopitisha umeme wa ukutani chini ya meza za watoto kwa waya uliofungwa gundi ya karatasi, naomba waache leo.

Nataka reli ipite juu ya nyingine. Mwinuko uwe mrefu kiasi gani? (Msomaji, Korogwe)

Asilimia 2. Kupanda sm 8 ni mita 4, kushuka ni mita 4 nyingine. Huna nafasi hiyo? Usijenge daraja.

Injini ya mvuke ya Garratt, daraja la 59, itapita kwenye kona ya sm 60? (Msomaji, Raskazone)

Yenyewe itapita, kwa sababu ina maungio mawili na hujikunja. Lakini kwa 1:87 ina urefu wa zaidi ya sm 36, na boila hukata kona kwa ndani. Funga penseli ubavuni katikati ya boila, izungushe polepole juu ya karatasi, na ukuta au jukwaa lisivuke mstari huo. Lipo jingine: zimepewa majina ya milima, ukiwemo Shengena wa Upare, ndipo watu wanadhani zilikuwa za huku. Zile 34 zilitengenezwa na Beyer Peacock kati ya 1955 na 1956 kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi.

MDF au plaiwudi? (Msomaji, Mikanjuni)

Plaiwudi ya mm 12, fremu kila sm 40, vanishi juu, chini na kwenye kingo kabla ya reli. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliobanwa, kwa masika ya Tanga huvimba. Meza isiguse ukuta, mchwa wasipate pa kupandia.

Nipake mabehewa rangi ya kopo au ya kupuliza? (Msomaji, Makorora)

Behewa likimaliza mizunguko kumi bila kuanguka, ya kupuliza, tabaka tatu nyembamba, siku isiyo na mvua, maana unyevu huipausha rangi. Toa ekseli kwanza. Rangi ikiingia kwenye matundu yake, behewa litaburuta.