Mchanga wa Ziwani na Tetemeko la Ardhi

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kiwanja Ntoroko, karibu na Ziwa Albert, na ninakusudia kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Jirani yangu anashikilia kwamba mchanga ni salama kuliko mwamba kwa sababu humeza mtikisiko kama godoro. Babu, aliyeliona tetemeko la Toro la mwaka 1966, anamcheka. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize babu. Mawimbi ya tetemeko yanapotoka kwenye mwamba na kuingia katika udongo laini hupunguza mwendo na kuongezeka kimo, mfano wa mawimbi ya ziwa yanapokaribia ufuo. Septemba 1985 jiji la Mexico lilibomoka vibaya ingawa chanzo cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, kwa kuwa sehemu kubwa ya jiji imejengwa juu ya tope la ziwa la kale.

Mchanga uliolowa una hatari yake ya pekee. Jaza ndoo mchanga wa ziwani, mimina maji mpaka yakaribie kuonekana juu, simamisha tofali juu yake, kisha gongagonga ubavu wa ndoo. Chembe zilizokuwa zimeegemeana hutaka kushikana zaidi, lakini maji yaliyo katikati yake hayana pa kutokea kwa haraka. Basi maji ndiyo yanayobeba uzito, mchanga unakuwa uji, na tofali linainama. Mjini Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yaliinama hivyo hivyo, mengine yakalala ubavu huku kuta zake zikiwa karibu nzima. Nondo nyingi peke yake zisingeyasaidia.

Hali hiyo hutokea yanapokutana mambo matatu: mchanga au vumbi la mchanga lisiloshikana, maji yaliyo karibu na uso wa ardhi, na mtikisiko wa nguvu. La tatu halimo mikononi mwako, maana Ntoroko imo ndani ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo chunguza mawili ya kwanza, na uanze na lisilo na gharama: waulize majirani walipochimba choo walikuta maji futi ya ngapi, na je, kuta za shimo zilisimama au ziliporomoka? Uliza habari za msimu wa mvua, tena ukumbuke jinsi ziwa lilivyofurika mwaka 2020, kwa sababu maji ya chini ya kiwanja chako hupanda pamoja na ziwa.

Baada ya hapo mwite mhandisi wa udongo. Atapigilia bomba la chuma kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka kimo cha sentimita 76, akihesabu mapigo yanayolizamisha sentimita 30. Mapigo yasiyofika 10 katika mchanga ni dalili kwamba haujashikana. Yakizidi 30, hofu hupungua sana. Wengi huona gharama hii kuwa ya anasa, wakamwaga juu malori ya marumu, yaani udongo wa changarawe, na kuanza kujenga. Marumu huinua sakafu isifikiwe na mafuriko, lakini mchanga uliolowa chini yake unabaki vile vile.

Majibu yakiwa mabaya, mhandisi anaweza kushauri mchanga ushindiliwe hadi kina cha kutosha, au msingi uwe bamba moja la zege lililosukwa nondo chini ya nyumba nzima, ili ikizama izame kwa pamoja bila kupasuka vipande. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, mimi ningelinganisha kwanza gharama hizo na bei ya kiwanja kilicho juu zaidi, mbali na ufuo.