Kabla hujamwonyesha kijana filamu ya magwiji wa gitaa

Shule zikifungwa tu, wazazi wa Ngamiani na Makorora wananijia na swali lile lile: mwanangu kashika gitaa, nimtafutie nini cha kutazama? Nawaambia watafute filamu ya Kimarekani ya mwaka 2008 inayoitwa It Might Get Loud, ya mwongozaji Davis Guggenheim, halafu waniite nikae na huyo kijana wakati anaitazama. Wengine wanacheka kwamba fundi anajialika chai. Na wacheke, chai nitakunywa. Filamu ni tamu sana, lakini mtoto wa Tanga akiachiwa aitazame peke yake anatoka na ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni solo, lile gitaa la mbele linaloimba nota moja moja.

Filamu imewachukua wapiga gitaa watatu wa muziki wa roki, kila mmoja na rika lake: Jimmy Page wa Led Zeppelin, aliyezaliwa 1944, The Edge wa U2, wa 1961, na Jack White wa The White Stripes, wa 1975. Januari 2008 walikutanishwa Los Angeles, wakawekwa katikati ya magitaa na spika, wakaachiwa waongee na kupiga. Katikati ya maongezi hayo kamera inamfuata kila mmoja kwenye mambo yake ya zamani. Kuna mahali Page anaanza kupiga Whole Lotta Love, na wale wenzake wawili, watu wazima wenye majina yao, wanabaki kumtazama mikono kwa tabasamu la watoto. Kijana yeyote akifika hapo macho yanamtoka. Kesho yake anataka kuwa Page. Mwenzake naye Page. Jirani yao vilevile. Ukiuliza nani atashika rithimu, gitaa linalorudia mdundo na kuubeba wimbo, kila mmoja anatazama ndala zake.

Niseme mapema kwamba mimi ni mpiga rithimu, wa bendi za hotelini na harusini hapa hapa mjini, kwa hiyo mjue natetea shamba langu. Lakini nina ushahidi. Wilson na George Kinyonga walitoka mji huu, wakapitia Jamhuri Jazz Band, wakaenda Arusha, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka kwenda Kenya na kuunda Simba Wanyika. Wilson alikuwa solo, George alikuwa rithimu. Ondoa gitaa la George kwenye nyimbo zile uone kitakachobaki. Na mwaka 1978, kundi lililojitenga na Simba Wanyika kwenda kuanzisha Les Wanyika liliongozwa na nani? Omar Shabani, mpiga rithimu. Huko ndiko ilikotoka Sina Makosa, ambayo mpaka leo ikipigwa harusini hata bibi harusi anasahau viatu vinambana. Katika dansi letu gitaa si mtu mmoja aliyesimama mbele huku wengine wakimsindikiza. Solo, rithimu na besi kila mmoja ana njia yake, na utamu unapatikana wanapopishana.

Filamu haina jinsi ya kumwambia mtoto jambo hilo, maana imetengenezwa kwa ajili ya kuwatazama watu watatu. Siilaumu. Ndiyo sababu nasema kaa naye, na ushike wewe kidude cha kusimamishia.

Simamisha mwanzoni kabisa. Jack White yuko nje ya nyumba ya shamba, ng'ombe wanamtazama. Ana kipande cha ubao, misumari, waya mmoja na chupa ya Coca-Cola. Anaupiga ubao misumari, anaukaza waya, anaitumbukiza chupa chini yake, anaweka sumaku ya kunasa mtetemo, anaunganisha na amplifaya. Gitaa tayari, na linanguruma kweli. Watu weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa wakitengeneza kitu cha namna hiyo ukutani na vibarazani tangu zamani, na wengi wa wapiga blues, muziki wao wa asili, walianzia hapo.

Kijana wa kwetu hapa hucheka, kwa sababu mjomba wake alishawahi kutengeneza gitaa la galoni. Mwache acheke, halafu mpe kazi: naye atengeneze. Ubao wowote mgumu, wa urefu wa mkono mzima. Waya wa breki ya baiskeli ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Fumua, chukua mmoja, na uangalie macho unapoukaza, maana ukikatika unaruka. Chupa ya soda upande mmoja, chupa nyingine ndogo ya kutelezesha juu ya waya upande wa pili. Amplifaya si lazima. Egemeza ubao kwenye ndoo tupu ya plastiki, ndoo itaikuza sauti. Sasa mwambie atafute wimbo anaoujua, uzi mmoja huo huo, bila alama yoyote ya kumwonyesha nota iko wapi. Hapo ndipo sikio linapofanya kazi. Kwenye gitaa la dukani vidole vinafuata vile vyuma vya shingoni na sikio linalala usingizi. Mama mmoja alinipigia simu kulalamika: "Fundi, hicho kibao kitalia mpaka lini?" Nikamwambia mpaka kiimbe, mama yangu.

Na ukishakuwa na huo ubao mkononi, kuna kisa lazima umsimulie, kwa sababu kinawahusu The Edge na Bagamoyo. Wote tunalijua zeze: kibuyu, mti na uzi unaosuguliwa kwa upinde. Mgogo Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alilipiga zeze na ilimba, ile ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, akiishi Bagamoyo, akazunguka nalo dunia. Karibu na mwisho wa maisha yake alirekodi albamu iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Canada. Huyo Brook ndiye aliyebuni gitaa ambalo nota yake haifi, unaigusa inaendelea kulia mpaka uamue kuinyamazisha, na The Edge akalitumia kwenye With or Without You ya mwaka 1987. Kwa hiyo mtu aliyempa The Edge ile sauti ndefu alikuja baadaye kurekodi na mzee wa zeze wa Bagamoyo. Filamu haikufika huko. Mimi hufika, na huwa nawasikilizisha With or Without You na wimbo mmoja wa Assembly mfululizo.

Sehemu ya The Edge ndiyo inayozua ubishi nyumbani kwangu. Anasimama mbele ya mitambo yake ya kubadilisha sauti, anapiga kipande kinachojaza chumba chote, halafu anaizima mitambo na kupiga kile kile kikavu. Kumbe vidole vinagusa kidogo tu! Kijana mmoja alisimama akasema, "Mjomba, huyu anatudanganya." Wenzake wakamuunga mkono. Mimi naona hapo ndipo filamu inapotoa somo lake kubwa kuliko yote, na nitakaa hapa kidogo.

Ukiweka mwangwi, kila nota unayopiga inarudi mara ya pili. Ukipiga nyingi, zinazorudi zinagongana na mpya, inakuwa fujo ya stendi. The Edge anapiga chache na kuacha mapengo ili mwangwi uje kuyaziba, na siri yake iko kwenye muda: mara nyingi nota inarudi baada ya robo tatu ya pigo, siyo baada ya pigo zima. Hesabu yake mtoto wa darasa la saba anaiweza. Chukua 45,000 ugawe kwa mapigo ya dakika moja. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 375. Wa mapigo 100, milisekunde 450. Programu za bure za simu zina mwangwi wa kuandika namba hizo. Usimnunulie kijana mtambo wa bei ya kiwanja kabla hajaweza kupiga na huo wa simu bila kutoka kwenye mstari.

Halafu mwambie afanye kitu ambacho mpiga roki hatamwambia: azime mwangwi, amwite mwenzake, na mwenzake ndiye awe mwangwi. Mmoja anapiga, wa pili anaingia kwenye pengo. Wakipatana, wataisikia. Hiyo ni solo na rithimu ya Tanga, na wazee wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz waliipiga kwenye kumbi za mji huu wakati The Edge bado yuko shule ya msingi.

Kwa Page napita haraka kidogo, maana yeye hahitaji msaada wangu. Kuna pale anaporudi Headley Grange, nyumba kubwa ya zamani huko Hampshire, Uingereza, ambako Led Zeppelin walirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya nne iliyotoka 1971. Dramu za John Bonham kwenye When the Levee Breaks ziliwekwa chini ya ngazi, maikrofoni zikaning'inizwa juu, na ule ukumbi wenye kuta ngumu na dari la mbali ukafanya kazi iliyobaki. Kijana akiona hivyo, mtoe nje. Mjini kwetu majengo ya zamani yenye ngazi hayajaisha. Apige makofi chini ya ngazi, kisha chumbani penye kitanda na mapazia, kisha chooni, kila mahali arekodi kwa simu. Godoro na pazia humeza sauti, ukuta mtupu huirudisha. Ataacha kunisumbua kwamba rekodi yake ni mbaya kwa sababu simu yake ni ya bei rahisi.

Lakini wimbo wenyewe una mwenyewe, na hapo nasimamisha tena. When the Levee Breaks ilirekodiwa mwaka 1929 na Memphis Minnie pamoja na Kansas Joe McCoy, juu ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927. Memphis Minnie alikuwa mwanamke, na alikuwa mpiga gitaa hodari. Nina wasichana wawili kati ya wanafunzi wangu, na filamu yenye wanaume watatu wakisifiana haiwaambii kwamba wamealikwa. Kwa hiyo mimi nawaalika. Rekodi ile ya 1929 ipo mtandaoni, haifiki dakika nne. Isikilizeni kabla ya kurudi kwa akina Page.

Sasa, kama mna muda wa kurudia vipande viwili tu, rudieni vile ambavyo hakuna anayepiga gitaa. Cha kwanza, Page yuko chumbani mwake kwenye santuri zake, anaweka Rumble ya mpiga gitaa wa Marekani Link Wray, ya mwaka 1958. Mtu amezeeka, nywele nyeupe, anapiga gitaa la hewani na kucheka peke yake. Rumble haina hata neno moja la kuimba, na bado kuna redio za Marekani ziliifungia, zikihofia itawachochea vijana kupigana. Ule mkwaruzo wa sauti Wray aliupata kwa kutoboa spika yake kwa penseli. (Wapendwa wadogo zangu, spika ya baba isiguswe. Nimeshapigiwa simu kwa hilo pia.) Cha pili, Jack White anaweka Grinnin' in Your Face ya Son House, mwimbaji wa blues, na kusema ndio wimbo anaoupenda kuliko yote. Sauti ya mzee na makofi, basi. Mpiga gitaa, ndani ya filamu ya magitaa, anachagua wimbo usio na gitaa.

Mwulize kijana: wewe ukiambiwa uweke mmoja, utaweka upi? Wengi wanababaika, kwa sababu wanajua majina ya magitaa na bei zake kuliko wanavyojua nyimbo. Asijibu hapo hapo. Akaulize kwao. Kila nyumba ya Ngamiani ina babu au shangazi mwenye wimbo wake wa Atomic Jazz au wa Black Star, ile taarabu ya Tanga iliyoingiza gitaa la umeme na besi mahali ambapo wengine walikuwa bado na udi na fidla.

Mwisho wa filamu wale watatu wanakaa na magitaa makavu na kuimba The Weight ya kundi la The Band. Watazamaji wengi wanapasifia sana hapo. Masikio yangu ya dansi hayakubali: wanapendeza, wanacheka, lakini inasikika kama watu waliokutana barazani, hakuna aliyegawa kazi. Magitaa matatu bila mgao, Tanga unarudishwa nyumbani kabla ya chemko, pale wimbo unapochangamka.

Basi filamu ikiisha, wasitawanyike. Wawekee Sina Makosa, wagawe: huyu solo, huyu rithimu, huyu besi. Kabla hajagusa uzi, kila mmoja aimbe kwa mdomo sehemu ya mwenzake, siyo yake. Anayelilia solo kuliko wote mpe rithimu kwanza, mwezi mzima. Atanuna. Mama yake atanipigia simu tena, namba anayo.