Vichupa vya mafuta chini ya godoro

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mfamasia. Kijana wangu ana miaka 19, anacheza ndondi na hufanya mazoezi kwenye jimu moja hapa Majengo. Tangu Ramadhani iishe amefura mabega, mgongo umejaa chunusi, na ukimsemesha kidogo huwaka. Juzi nikitandika nimekuta sindano na vichupa vya dawa ya mafuta chini ya godoro. Asema ni vitamini alizouziwa na kocha. Ni kweli?
Mama Kijana, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Vitamini za sindano ninazouza sana ni za kundi B, nazo ni maji, aghalabu mekundu. Dawa ya mafuta, pamoja na hayo mabega, chunusi na hasira, yanifanya nishuku testosteroni au nandroloni. Hizo ni homoni.

Kijana wa miaka 19 mwili wake hutengeneza testosteroni ya kumtosha. Akidungwa nyingine, ubongo huona imejaa, ukaacha kuziamuru korodani kufanya kazi. Zikasinyaa, mbegu za uzazi zikapungua, pengine zikaisha kabisa. Matiti nayo yaweza kuota, kwa kuwa mwili hugeuza sehemu ya homoni hiyo kuwa estrojeni. Akina mama huniletea habari za chunusi; mimi naogopa moyo, kwani misuli yake huwa minene na mafuta mabaya huzidi kwenye damu.

Katika ndondi testosteroni ni haramu wakati wote, hata siku zisizo na pambano. Maabara hupima kaboni ya homoni iliyo kwenye mkojo: ya kiwandani hutokana na mimea kama soya, kwa hiyo kaboni yake si sawa na ya mwilini. Adhabu ya kawaida ni kufungiwa kushindana kwa miaka 4. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia mara 3 wa mita 1500, alifungiwa miaka hiyo 4 kwa EPO, homoni nyingine, iliyoonekana katika sampuli ya Novemba 2017. Wala kusema "kocha ndiye aliyenipa" hakumwokoi mchezaji. Chochote kilichomo mwilini mwake ni juu yake. Kocha pia huadhibiwa, na astahili. Mtu mzima kumuuzia mtoto wa mwenziwe sindano na kumwambia ni vitamini ni dhuluma.

Sasa, usimfokee, na vichupa usivitupe. Nenda naye hospitali navyo, apimwe presheni, ini, mafuta ya damu na homoni. Kama wamechangia sindano, apimwe pia virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Akishaacha, homoni yake yaweza kuchukua miezi kurudi, na hapo huenda akanyong'onyea, asitake hata kutoka nje. Wengi hurudia sindano wakati huo, basi kaa naye karibu, na daktari aendelee kumwona. Akizungumzia kujidhuru, mrudishe hospitali siku iyo hiyo.

Habari za kocha zipeleke ADAK, shirika la Kenya la kupambana na pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu michezoni, lililoundwa kwa sheria ya 2016. Lakini hospitali kwanza.