Ukihamisha kemikali, lebo nayo ihame

Jamani wenzangu tunaotengeneza sabuni hapa Kigoma, leo naomba tuongee lebo, maana naona tunahangaika sana na povu na harufu alafu kitu kinachoweza kumpofua mtu kinakaa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina hata neno moja.

Mi napika sabuni ya mche kwa mawese na ya maji pia natengeneza, kwaiyo kostiki (ile chembe nyeupe kali ya kupikia sabuni ya mche), salfoniki (asidi ya kutengenezea sabuni ya maji) na jiki ndo vitu vyangu vya kila siku. Mzigo kutoka kiwandani unakuja na lebo yake, shida inaanza pale mfuko mkubwa unapofunguliwa dukani ukapimwa kilo kilo kwenye vifuko vyeupe. Kostiki ikishakuwa kwenye kifuko hivyo, mtoto akiikuta jikoni anajua ni chumvi ya Uvinza tu, ataacha kuonja kwa nini?

Na hili sio la hiari. Tuna sheria ya usimamizi na udhibiti wa kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, anayeisimamia ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Wengi wakisikia Mkemia Mkuu wanawaza vipimo vya DNA na kesi za mahakamani, ila na hii ni kazi yake. Anayeingiza, kutunza, kusafirisha au kuuza kemikali hizi anatakiwa awe amesajiliwa, na kemikali yenyewe iwe imefungashwa vizuri ina lebo. Kwangu mimi, ukishamimina kwenye chombo kingine ukauza, wewe ndo umefungasha, usimsingizie kiwanda.

Lebo ya maana inakuambia jina la kemikali, inadhuru nini, ujikinge vipi, ikikupata ufanye nini, na nani kaileta. Kuna neno moja limeandikwa kubwa, ukikuta Danger (hatari) jua ni kali kuliko ile yenye Warning (tahadhari). Alafu kuna picha za mfumo wa Umoja wa Mataifa, kiboksi kimesimama kwa ncha, mpaka mwekundu, mchoro mweusi ndani. Hizi zizoee kabisa maana mzigo mwingine unakuja na maandishi ya lugha ambayo huisomi ila picha ni zilezile. Fuvu na mifupa ni sumu ya kuua, moto ni kitu kinachowaka haraka. Ile ya kimiminika kinadondokea mkono na chuma ndo ya kwetu haswa, inababua ngozi na kula chuma, kostiki ipo humo, na ndo maana haitakiwi kwenye sufuria ya aluminiamu. Ya samaki aliyekufa na mti mkavu, yaani inadhuru viumbe vya majini, utaikuta kwenye jiki, kwaiyo wanaosuuza madumu ziwani waache, samaki wetu migebuka tunaitoa humohumo.

Jiki naomba niikazie. Lebo yake inakataza kuchanganya na asidi, sasa ile ya kusafishia choo mara nyingi ni asidi, na watu wanamwaga zote mbili ili choo king'ae, hapo inatoka gesi ya klorini, chooni hakuna hata dirisha la maana, mtu anakohoa mpaka anakosa pumzi. Huyu mama aliyeuziwa jiki kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi angejuaje? Hili linaniuma sana.

Mimi nikihamisha kitu naandika kwa makapeni, Kiswahili, jina, hatari yake na huduma ya kwanza, nachora na picha, alafu napitisha selotepu pana juu isifutike na maji. Naandika kwenye ubavu wa dumu, kwenye kifuniko hapana, vifuniko vinabadilishana. Na chupa za vinywaji situmii kabisa.

Huduma ya kwanza iandike hivi: ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka dakika 15 mpaka 20, ndo uende hospitali. Akimeza, usimtapishe, kostiki inaunguza ikishuka na ikipanda inaunguza tena, mafuta ya taa nayo akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu. Suuza mdomo, mkimbize, na chombo chenye lebo nenda nacho daktari akione.

Ukienda kununua omba uone mfuko wenyewe ilikotoka, piga picha lebo kwa simu. Muuzaji akisema ameshautupa mi naenda duka lingine. Na nyie wa Kasulu na Buhigwe mnaotumiwa mzigo kwa basi, mwambieni awatumie picha ya lebo wasapu kabla hamjatuma hela.