Naona aibu kukutana na aliyenisaidia

Shikamoo shangazi. Mwanangu wa miaka saba ana hemofilia A, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Usiku mmoja goti lilifura, nikampigia mama wa Manyatta tuliyejuana kliniki. Alikuja na barafu kwa bodaboda, tukaenda hospitali pamoja, akamzuia muuguzi aliyetaka kumdunga mtoto sindano ya matako. Kikundi chetu cha wazazi kikachanga nauli ya Eldoret. Leo mwanangu anacheza mpira, ilhali wa yule mama anatembea kwa mkongojo. Naona aibu, hata mikutano nimeiacha. Nitawalipa nini? Juzi nilikuwa Kimilili kwa dada yangu, wakipanga tohara ya wanawe Agosti hii. Nilimkumbuka huyo mama, nikalia.
Mama wa Nyalenda, Kisumu

Marahaba mwanangu. Pole, na nimefurahi kwamba mtoto anacheza.

Damu ikivuja kiungoni mara kwa mara huila gegedu, na goti hukakamaa. Ndiyo yaliyomkuta mtoto wa mwenzako. Wako hakumnyang'anya chochote. Lakini ukijificha, mama yule ataona umepata ulichotaka ukaenda zako, na hilo litamuuma kuliko kumwona mwanao akikimbia.

Nenda kwake Jumamosi, na mtoto umbebe. Chukua sukari na unga, kama mgeni yeyote. Usianze kujitetea. Mtajie mambo yenyewe: ile barafu, ile sindano aliyoizuia. Sindano ya msuli ingemvujisha mwanao damu ndani kwa ndani, na wewe wakati huo hukujua. Kisha umuulize habari za mwanawe, ukae usikilize hadi amalize.

Mikutanoni rudi. Sasa wewe ndiye unayejua kwamba mtoto hapewi aspirini wala ibuprofeni, na kwamba goti likianza kupata joto hungoji kupambazuke. Kuna mzazi mgeni atakayeyahitaji hayo mwezi huu.

Lililonishtua hasa ni la Kimilili, nawe umelitaja kwa kupita tu! Hemofilia hurithiwa kupitia kwa mama. Yawezekana ya mwanao ilianza kwako au kwake mwenyewe tu, maana karibu thuluthi moja ya visa huzuka upya, lakini hilo halijulikani kwa kukisia. Kama dada yako amebeba kasoro hiyo ya kurithi, kila mtoto wake wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu, na wapo wavulana ambao ugonjwa wao hujulikana kisu kikishapita na damu ikakataa kukatika. Mpigie leo. Wavulana wapimwe kiwango cha faktori ya nane, ile protini ya kugandisha damu inayopungukia wenye hemofilia A, kabla ya Agosti. Atakayepatikana na ugonjwa bado atatahiriwa, ila hospitalini, akiwa amepewa dawa kwanza, na chini ya daktari anayeujua ugonjwa huu.

Shemeji yako huenda akasema unavuruga mila. Hapo mwombe mama wa Manyatta mwende naye Kimilili. Atakubali, na utamwona akifurahi kwamba umemwita tena.