Lavenda yangu iliuawa na maji, sio jua

Mhariri mmeuliza wiki hii mmea gani umetusumbua nyumbani na tulifanyaje. Kwangu ni lavenda, ule mmea wa maua yenye harufu nzuri, na nawaandikia hasa wenzangu wa hapa Mwanza maana wengi wanainunua ikiwa nzuri, mwezi haujaisha imekufa, wanasema ni jua kali. Sio jua jamani! Ni maji.

Ya kwanza nilikuwa naimwagilia asubuhi na jioni kama sukumawiki, majani yakaanza kuwa ya njano kuanzia chini, nikajua ina kiu nikaongeza. Siku naing'oa kwenye ndoo mizizi ilikuwa myeusi inateleza kama mlenda na inanuka tope, kumbe ndoo ina kitundu kimoja tu cha msumari. Niliumia kweli.

Hii kitu asili yake ni huko Mediterania kwenye vilima vya mawe, kiangazi mvua hakuna. Sasa mawe si tunayo sisi? Huku kwetu mlimani nyumba zimekaa juu ya majabali, nikakusanya ile changarawe inayomomonyoka chini yake nikachanganya na udongo nusu kwa nusu, samadi kiganja kimoja tu, maana ikishiba mbolea inatoa majani mengi harufu inapungua. Na chokaa kijiko kimoja, haipendi udongo wenye asidi. Chungu cha udongo ndio kizuri, kinapumua, cha plastiki kitoboe matundu mengi.

Kabla ya kumwagilia chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, kikitoka kikavu ndio umwage mpaka maji yatokee chini, halafu iache. Juni mpaka Agosti haina shida kabisa, kazi iko masika na vuli, hapo vyungu vyangu nasogeza upenuni upande wa jua la asubuhi.

Mkienda kununua ulizeni aina ya dentata, ile lavenda ya majani yenye meno meno pembeni. Aina nyingine, angustifolia, wanayoisifia inataka baridi ndio ichanue vizuri, joto letu hili itawasumbua. Ikimaliza maua ikateni, ila msifike kwenye sehemu ya chini ya matawi iliyokomaa na kuwa ngumu kama mti, isiyo na majani, hapo haichipui tena.

Jana jirani kaniomba vijiti vitatu akapande, nimempa, na changarawe ndoo nzima juu yake.